Wale wa Chini ya Mwembe: Jinsi ya Kuwarudisha Wanafunzi Kwenye Kipindi cha PE

Ukitaka kujua PE, yaani elimu ya viungo na michezo, inafundishwaje shuleni, usimtazame anayefunga mabao. Tazama chini ya mwembe. Mpira mmoja umetupwa uwanjani, wavulana 22 wameshautwaa, wasichana 14 wako kwenye netiboli, na waliobaki, ambao ndio wengi, wamekaa kivulini wakipiga soga, wakinakili notsi za Sayansi au wakingoja kengele. Mwalimu ana filimbi mdomoni na rejista mkononi. Kwenye rejista, wote wamehudhuria.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kuanzia darasa la tano hadi Sinia ya Pili, yaani mwaka wa pili wa sekondari, mwenye wanafunzi 80, mipira miwili yenye upepo, kipindi cha dakika 40 na uwanja unaoteremka upande mmoja. Shule zenye bwawa la kuogelea zina makocha wao.

Tuelewane kwanza kuhusu mazingira yetu ya Uganda. Shule ya msingi, mtihani wa PLE, ule wa kumaliza darasa la saba, una karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. PE haimo, kwa hiyo ifikapo muhula wa tatu kipindi chake huliwa na marudio ya Hisabati na hakuna mzazi anayelalamika. Sekondari mambo yalibadilika. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2020, PE ni somo la lazima Sinia ya Kwanza na ya Pili, kama Kiswahili chetu. Kuanzia Sinia ya Tatu mwanafunzi anachagua. Maana yake una miaka miwili tu ya kumvuta. Baada ya hapo anaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku, na takwimu zake za nchi 146, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawazifikii: wasichana asilimia 85, wavulana 78. Mimi sizitumii sana takwimu hizo kumshawishi mtu wa kijijini. Mtoto aliyechota maji alfajiri na kutembea kilomita nne hadi shuleni ameshatoka jasho kabla ya kengele ya kwanza. Anachokosa ni kujifunza: kudaka, kurusha, kuruka, kupanga mbinu, kushindwa bila kukunja uso. Ukimleta uwanjani umkimbize tu, unampa alichonacho tayari, na yeye analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujabadilisha chochote

Chagua wanafunzi watatu bila wao kujua: mmoja hodari, mmoja wa kawaida, na mmoja ambaye jina lake hulikumbuki haraka. Chukua karatasi, na kila mmoja anapougusa mpira, piga kistari. Kipindi kikiisha utaona safu ya hodari imejaa vistari mpaka ukingoni. Ya tatu itakuwa tupu, au ina vistari viwili, na ukikumbuka vizuri, vyote viwili ni pale mpira ulipotoka nje naye akaurudisha kwa teke.

Halafu ongea na wa chini ya mwembe, mmoja mmoja, mkitembea kurudi darasani. Usimuulize kwa nini hapendi michezo. Atakujibu kwamba anaumwa tumbo. Muulize leo alikuwa amesimama wapi, na angependa kusimama wapi. Majibu utakayopata yanafanana shule kwa shule:

"Mwalimu, hawanipi."

"Nikiukosa wananicheka."

"Kila siku ni mpira ule ule."

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wametumia miongo kadhaa wakieleza kwamba hamu ya kufanya jambo hukua mtu akipata vitu vitatu: nafasi ya kuchagua, hisia kwamba analiweza, na kuona kwamba yuko na watu wanaomjali. Rudi kwenye majibu ya watoto uyaangalie. "Hawanipi" ni kukosa watu. "Wananicheka" ni kukosa uwezo, mbele ya kadamnasi. "Ule ule" ni kukosa uchaguzi. Hamna hata mmoja aliyesema ni mvivu, ingawa ndilo neno tunalowaandikia kwenye ripoti.

Tunza karatasi yako ya vistari. Baada ya wiki nne hesabu tena, wanafunzi wale wale watatu, uone kama ulichobadilisha kimebadilisha kitu.

Hatua ya 2: Ondoa vizuizi vya mwili

Hii haina nadharia. Mwanafunzi ambaye hajala hawezi kuhamasishwa, na shule nyingi za UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, hazina chakula cha mchana kwa kila mtoto. Kama ratiba inaruhusu, omba PE iwe kabla ya saa tano asubuhi. Saa nane mchana, jua la Arua au Moroto halina huruma, na mtoto aliyekunywa maji tu tangu asubuhi atakaa kivulini, na amefanya busara. Weka dumu la maji ya kunywa kando ya uwanja, pamoja na vikombe, lisimamiwe na mwanafunzi. Mwezi wa Ramadhani, kwa walio na wanafunzi Waislamu kama kule Bombo au Yumbe, panga kazi za ustadi na mbinu, acha mbio ndefu kwa mwezi mwingine.

Wasichana. Sketi ya sare haikutengenezwa kwa kuruka kamba mbele ya wavulana. Ruhusu kaptura ndani ya sketi au suruali ya michezo ya rangi yoyote, hata kama si ya shule, na wenye hijabu wavae hijabu yao. Unachohitaji ni pini isiwe shingoni. Kuhusu hedhi, weka kanuni moja tangu wiki ya kwanza: mwanafunzi yeyote, wa kike au wa kiume, anaweza kuchagua kazi ya pembeni kipindi hicho bila kueleza sababu. Refa, mwandika mabao, mpima muda. Usimlazimishe msichana kutafuta uongo mbele ya darasa. Mwombe mwalimu wa kike anayeshughulikia wasichana awe na taulo za kike za akiba, kwa maana nusu ya "tumbo linauma" ni hapo.

Viatu je? Wote peku, au kila mtu avae alichonacho, ila kwenye kandanda usichanganye mwenye viatu vya njumu na aliye peku. Kabla ya kipindi, wanafunzi wanane watembee uwanja mzima kwa mstari mmoja wakiokota vigae, misumari na miiba. Dakika mbili zinatosha.

Hatua ya 3: Tengenezeni mipira

Mipira miwili kwa watoto 80 ni mmoja kwa watoto 40, na hapo hakuna mbinu ya ufundishaji itakayokuokoa. Lengo ni mpira mmoja kwa watoto watano. Dukani huo ni utajiri. Migombani ni bure.

Kila mwanafunzi aliyekulia katikati au magharibi ya Uganda ameshaona mpira wa byayi, na Busoga na Mbale wanaujua pia. Anzeni na kiini: makavera (mifuko ya plastiki) yaliyooshwa, yamefinyangwa mpaka yawe na ukubwa wa chungwa. Zungusheni majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia shinani yakiwa na rangi ya kahawia, yakiwa na unyevunyevu kidogo ili yasivunjike. Kila tabaka likazwe kwa kamba ya byayi, yaani maganda makavu ya shina la mgomba yaliyochanwa nyuzi na kusokotwa. Mpira ukifika ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, funikeni kwa wavu wa kamba hizo hizo, fundo kila penye makutano. Mpira uliokazwa vizuri utadunda kidogo. Usiokazwa utalegea kwa teke la tatu, na aliyeutengeneza ataupokea mikononi mwa wenzake ukiwa shungi la nyasi. Hilo litamfundisha kukaza kuliko maneno yako.

Mpira huu una faida ambayo wa dukani hauna: hauumi. Mtoto anayefumba macho mpira ukija, anaogopa kugongwa usoni. Mpe wa byayi ajifunze kudaka kwa huo, halafu umpandishe kwenye netiboli ya kweli.

Kaskazini kusiko na migomba mingi, tumieni vitambaa chakavu na kamba za katani. Madumu ya lita tano yaliyotiwa mchanga robo ndiyo koni na magoli yenu. Majivu ya jikoni ndiyo chokaa ya kuchora mistari. Matairi ya boda yanafaa kwa kurukia, ila yakague kwa kidole kwanza. Waya ikichomoza, tupa.

Utengenezaji uwe kazi ya nyumbani ya makundi, na kila kundi liweke alama yake kwenye mpira wake. Mtoto haachi mpira alioutengeneza ukae uwanjani bila kuuchezea.

Hatua ya 4: Vunja foleni

Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua kipindi cha dakika 40. Ondoa 5 za kutoka na 5 za kunawa na kurudi. Ondoa 10 za kupasha viungo moto na kueleza. Zimebaki 20. Sasa panga foleni nne za watoto 20, mmoja akimaliza zamu yake anarudi nyuma. Zamu moja ikichukua sekunde 15, mtoto anasubiri karibu dakika tano ili afanye mara moja. Katika dakika 20 anapata zamu nne. Nne! Hakuna aliyejifunza kudaka mpira kwa kuudaka mara nne kwa juma. Sasa tengeneza makundi 20 ya watoto wanne wanne, kila kundi na kona yake. Zamu zile zile za sekunde 15 sasa zinazunguka kila dakika moja: zamu 20 kwa kila mtoto. Hujaongeza dakika wala shilingi, ila umeongeza mara tano nafasi ya kujifunza. Kwa mipira 16 makundi manne yatakosa, basi hayo yawe kwenye kamba za kuruka, na mbadilishane katikati ya kipindi.

Ukifika kwenye mchezo wenyewe, fanya vivyo hivyo. Sahau 11 kwa 11. Chora viwanja vidogo vya hatua 20 kwa 15, wanne kwa wanne, magoli mawili ya madumu, bila kipa. Kila anayeingia lazima ahusike, kwa sababu watu wanane hawana pa kujificha. Mchezo uchukue dakika nne, kisha timu zihamie kiwanja cha jirani. Utahitaji marefa wengi, na hiyo ni kazi nyingine ya kugawa.

Michezo ya kutolewa nje nayo iangalie upya. Kwepena ni mchezo wetu na nisingependa ufe: wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa. Kasoro yake kwa kipindi cha PE ni kwamba anayepigwa anatoka, na anayepigwa kwanza daima ni yule mzito wa miguu, yaani yule anayehitaji mazoezi kuliko wote. Badilisha sheria moja: aliyepigwa anakuwa mrushaji, na mrushaji aliyempiga anaingia katikati. Mchezo unabaki na utamu wake na hakuna anayerudi mwembeni.

Hatua ya 5: Inamisha kamba

Chukua kamba ya mita sita. Kwa desturi tunaishika sawasawa pande zote mbili, watoto wanaruka, anayegusa anatoka, tunapandisha kamba. Baada ya raundi tatu wamebaki wavulana wanne wenye miguu mirefu, na darasa limegeuka watazamaji.

Muska Mosston, aliyefundisha ualimu wa PE nchini Marekani na kuanza kuchapisha mitindo yake ya ufundishaji mwaka 1966, alikuja na jambo dogo sana. Alishusha upande mmoja wa kamba. Mwanafunzi mmoja anashika usawa wa kifundo cha mguu, wa pili usawa wa kiuno, na kamba inalala kwa mteremko. Kila mtoto anachagua pa kurukia. Anayeogopa anaanzia chini, na anaruka. Amefaulu. Raundi inayofuata, bila wewe kufungua mdomo, anasogea hatua moja upande wa juu. Yule hodari wa kiburi anaweza kuanza na sehemu ya chini ili kuchekesha watu. Mwache, atachoka na utani wake upesi. Msichana ambaye hajawahi kuruka mbele ya watu atarudi mara tano, kila mara akitazama kwa pembe ya jicho amesogea kiasi gani.

Washika kamba waishike kwa vidole viwili ili iachie ikiguswa, na warukaji waangukie kwenye mchanga au nyasi laini. Kwa kuruka umbali, laza kamba mbili chini zikiwa zimeachana kama mto unaopanuka: upande mmoja hatua moja, upande wa pili mita mbili na nusu. Kwa netiboli, tundika pete tatu za urefu tofauti, hata kama mbili ni ukingo wa ndoo uliofungwa mtini. Kanuni ni ile ile: kazi moja, milango mingi, anayechagua mlango ni mtoto.

Hatua ya 6: Ashindane na jana yake

Kila mwanafunzi awe na kurasa mbili za PE nyuma ya daftari lolote. Aandike vitu vitatu tu: mizunguko aliyokimbia katika dakika saba, umbali aliorusha mpira, na mara alizodaka mfululizo bila kuangusha. Apime upya kila baada ya wiki tatu. Orodha ya darasa zima usiibandike ukutani kamwe. Aliye wa 80 kati ya 80 hahitaji karatasi kumwambia.

Sifa nazo ziwe na maana. "Safi sana!" kwa kila mtu ni kelele. Mwambie alichofanya: "Umefika chini ya mpira mapema, ndiyo maana umeudaka." Kesho atakirudia kwa sababu anakijua.

Mashindano siyakatai. Watoto wanayapenda, na nchi hii ina watu wa kuwapigia mfano: John Akii-Bua, dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akikimbia njia ya ndani kabisa. Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuchukua dhahabu ya Olimpiki, mita 3000 kuruka viunzi na maji, Tokyo mwaka 2021. Kuna zoezi moja ambalo darasa zima huingia bila kusukumwa. Joshua Cheptegei wa Sebei alikimbia mita 5000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 huko Monaco, Agosti 2020. Pima mita 100 uwanjani, panga wanafunzi 50, kila mmoja akimbie mita 100 moja tu na kumpokeza kijiti mwenzake. Mita 100 mara 50 ni 5000. Ili kumpata Cheptegei, darasa linahitaji wastani wa sekunde 15 na nukta moja kwa kila mtu, pamoja na kupokezana. Waambie wapige hesabu hiyo wenyewe kwanza, mwalimu wa Hisabati atakushukuru. Kisha waachie. Watagundua kwamba mtu mmoja alikimbia mwendo wao wa kasi peke yake, mara 50 mfululizo, na watataka kujaribu tena Alhamisi ijayo. Waliobaki 30 wapime muda, wahesabu mizunguko ya kijiti na kujiandaa kuingia awamu ya pili.

Hatua ya 7: Timu zidumu muhula mzima

Manahodha wawili wasimame mbele wachague mmoja mmoja? Acha kabisa desturi hiyo. Wa mwisho kuchaguliwa anaikumbuka siku hiyo mpaka uzeeni.

Panga timu mwenyewe, ofisini, ukizisawazisha: wenye nguvu, wa kati, wageni, wavulana na wasichana. Zipe majina ya nyumbani, Nile, Elgon, Rwenzori, Kidepo, au wachague wao. Zidumu muhula mzima. Mmarekani mwingine, Daryl Siedentop, ndiye aliyetengeneza mfumo huu wa kuifanya PE kama ligi yenye msimu, ratiba, kazi za kila mtu na siku ya fainali. Kwetu unafanya kazi vizuri kwa sababu watoto wameshaijua ligi kwenye redio. Kila timu iwe na kocha, refa, mtunza vifaa, mwandika takwimu na mtangazaji, na kazi zibadilishwe kila wiki mbili. Msimbane mtoto mnene au mwenye ulemavu kwenye kazi ya kuandika mabao muhula mzima. Akae kwenye voliboli ya kukaa chini pamoja na wenzake watano wasio na ulemavu, na uone nani anashinda.

Kazi ya mtangazaji iwe kwa Kiswahili. Somo hilo ni la lazima Sinia ya Kwanza na ya Pili, na wanafunzi wetu wengi wanalijua la ubaoni tu, lenye ngeli na viambishi. Mpe mmoja chupa tupu ya maji kama kipaza sauti. "Mpira uko kwa Rwenzori, anampasia, aaah, umetoka nje!" Anayebabaika hasahihishwi hapo hapo. Mtoto wa makazi ya wakimbizi ya Kyangwali au Nakivale aliyekuja kutoka Kongo, ambaye darasani Kiingereza kinamfunga mdomo, utashangaa ghafla yeye ndiye mtu anayesubiriwa.

Na siku za ngoma ziwepo. Kadodi ya Wamasaba huchezwa kwa mwendo, barabarani, kilomita kwa kilomita; bwola ya Waacholi inadai mistari na nidhamu; bakisimba ya Baganda inafanya kazi kiunoni kuliko zoezi lolote la kitabuni. Wasichana waliokimbia netiboli huongoza hapa, na wavulana waliojiona miamba hujikuta wanafunzi.

Hatua ya 8: Zawadi na adhabu

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadaye, walipoachwa huru, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Soda kwa timu ya kwanza kila wiki itafanya hivyo hivyo. Toa zawadi mara moja, siku ya fainali, na bila kuitangaza mwanzo wa muhula.

Kuhusu adhabu: "kimbia mizunguko mitatu" kwa mchelewaji inamfundisha kwamba kukimbia ni mateso. Huwezi Jumatatu kumkimbiza kama adhabu halafu Alhamisi umtake apende kukimbia. Kuruka kichurachura ni vivyo hivyo, na kiboko kimekatazwa shuleni na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Anayevuruga apumzike dakika mbili kando ya kiwanja, kisha arudi mchezoni.

Hatua ya 9: Radi na mvua

Ukisikia ngurumo, wote darasani, mara moja, hata kama ni fainali. Wasikimbilie chini ya mwembe wala kwenye kibanda. Agosti 2020 huko Arua watoto 10 waliuawa na radi baada ya kuacha mpira na kujikinga kibandani. Kaeni ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kipindi cha mvua kisipotee. Chora uwanja ubaoni, weka vifuniko vya chupa kama wachezaji, uulize: "Una mpira hapa, adui wawili mbele, mwenzako yuko wapi?" Waingereza Bunker na Thorpe waliandika mwaka 1982 kwamba mtoto aelewe mchezo kwanza, na ufundi utafuata anapouona umuhimu wake. Huo ndio wakati wake.

Hatua ya 10: Kwa hedimasta

Usiende na malalamiko. Nenda na karatasi ya vistari, ya kwanza na ya wiki ya nne. Sekondari, mkumbushe kwamba tangu watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya wafanye UCE, mtihani wa mwisho wa Sinia ya Nne, mwaka 2024, alama za kazi za darasani zinabeba asilimia 20, kwa hiyo walioichagua PE Sinia ya Tatu wanahitaji rekodi, na rekodi haitoki kwenye kipindi kilichofanywa marudio ya Fizikia. Shule ya msingi hiyo hoja huna. Omba kitu kidogo: vipindi viwili vya asubuhi visivyoguswa hadi katikati ya muhula wa tatu, na ruhusa ya kuchukua majivu ya jikoni kila Ijumaa. La majivu atalikubali papo hapo. La vipindi atasema atafikiria. Mwombe akija kukagua masomo aanze na lako, siku ya mbio za Cheptegei.